Simenti ya Matairi

Jumatatu, 2 Machi

Daftari la kazini lina safu ya uzito, safu ya joto na safu ya saa. Halina safu ya hasira. Ndiyo maana nimejitafutia hili.

Mvua imeanza leo asubuhi, na pamoja nayo ameingia mhandisi mpya. Ni binti wa miaka ishirini na minane hivi, viatu tope tupu, gunia begani. Akalibwaga juu ya meza yangu, meza ninayoifuta mwenyewe kila siku kabla sijavua koti, akasema, "Shikamoo mama. Hii ndiyo dawa ya visima vyetu."

Nikafungua. Matairi chakavu yaliyosagwa mpaka yakawa unga.

"Marahaba. Mwanangu, hapa tunapima simenti ya visima vya mafuta. Gereji iko barabara ya pili."

Mvunjaji akacheka mpaka akapaliwa. Huyu ni mwenzangu wa miaka kumi na tisa. Mimi namimina simenti kwenye kalibu inakuwa michemraba, yeye anaivunja kwenye mashine na kusoma nguvu yake. Tumedumu kwa sababu hakuna anayeingiza mkono kwenye kazi ya mwenzake.

Binti hakununa. Akaeleza taratibu kwamba simenti inayojazwa nje ya bomba la kisima ni ngumu lakini haina uvumilivu. Bomba likipata joto linatanuka, likipoa linasinyaa, na simenti isiyojua kupinda inapasuka, gesi inapata njia ya kupanda. Chembe za mpira zikiwemo ndani, simenti inalegea kidogo badala ya kukatika. Nilishafungua mdomo nimkatize, nikamkumbuka mdogo wangu. Yeye ndiye mtu wa pampu, anayeisukuma simenti chini kisimani. Miaka miwili iliyopita simenti ya kisima kimoja ilipasuka, gesi ikatokea pembeni ikashika moto, na mkono wake wa kulia hauoti vinyweleo mpaka leo. Simenti ile niliipima mimi. Nguvu ilikuwa nayo ya kumwaga, na ilipasuka hivyo hivyo.

Nikasogeza vitu vyangu, nikampisha mezani.

Jumanne, 3 Machi

Mpira na maji haviivani. Binti katia chembe kidogo kwenye glasi ya maji, zikabaki juu, kavu. Kisha akatia nyingine alizoziloweka kwenye soda kali ya kutengenezea sabuni, akazisuuza na kuzikausha. Hizo zikalowa. Bado ni nyepesi, lakini zinakubali maji.

"Zile za kwanza simenti haitazishika, mama. Hizi itazishika."

Nimekubali moyoni. Mdomoni nilisema, "Tutaona."

Ijumaa, 6 Machi

Leo nimemimina mara ya kwanza. Binti akaja kusimama nyuma yangu na kalamu. "Mama, naomba nione unavyomimina, niandike hatua zote."

Nikamwambia, "Mimi nimeanza kumimina wewe hujaota meno. Andika: imemiminwa vizuri."

Akaomba radhi, akaondoka. Mvunjaji akanitupia jicho. Nilijisikia vibaya, ila si sana. Michemraba yangu inajulikana. Nakoroga uji wa simenti, nauacha utulie kikombeni wakati napaka kalibu mafuta, naengua povu kwa kijiko kama mtu anayepikia wakwe, ndipo namimina. Huoni hata tundu. Mkuu wa maabara akipata wageni huwaonyesha.

Jumamosi, 7 Machi

Mvua. Paa linavuja karibu na mizani. Nimetega ndoo.

Jumanne, 10 Machi

Matokeo. Kisima kipya kinataka simenti inayofika angalau kumi na nne kwenye saa ya mashine. Simenti tupu ilifika ishirini na nne. Binti alisema mpira lazima upunguze nguvu, kazi yetu ni kutafuta unapunguza kiasi gani. Tukatia sehemu tano kwa mia. Ishirini na mbili.

Vijiti vya simenti vya kupima kupinda ni kazi ya Mvunjaji mwanzo mpaka mwisho. Anakoroga mwenyewe na kumwaga mwenyewe, bila mapambo, ndiyo maana vimejaa matundu. Lakini vimepinda kuliko vyote alivyowahi kupima.

Binti alikuwa amekaa kwenye kigoda, amejishika mashavu. Nimegundua ana mazoea ya kuosha vyombo vyake mwenyewe. Mhandisi aliyekuwepo kabla yake aliacha vikombe vigande, akasema maji ni baridi.

Alhamisi, 12 Machi

Jino. Mvua. Basi.

Jumatano, 18 Machi

Sehemu kumi kwa mia: ishirini na moja. Sehemu kumi na tano: ishirini kamili! Na vijiti vya Mvunjaji vya kumi na tano vinapinda mpaka unavionea huruma, havikatiki.

Binti kaniruka shingoni. Mimi si mtu wa kurukiwa shingoni, ila nilimwachia. "Mama Kipimo," akasema (kumbe naye kashalijua jina langu la utani), "kila mahali mpira unashusha nguvu. Hapa kwetu unashusha kidogo tu. Sijui kwa nini!"

"Kwa sababu ya mkono," nikamwambia, na wote tukacheka.

Mvunjaji peke yake alikuwa anajikuna kichwa. Anasema vijiti vinapinda kwa upole, lakini michemraba bado inapasuka kwa kishindo kama simenti tupu. Nikamwambia kama anataka simenti ya kimya aende akavunje mikate.

Jumapili, 22 Machi

Mdogo wangu kaja kula mchana. Malori yao yamekwama uani kwetu kazini, barabara ya kisimani ni tope la magotini. Siku itakayokauka ndiyo watapakia simenti ya matairi na kwenda.

"Dada, hii ya safari hii haitatuunguza?"

"Imepita mikononi mwangu."

"Basi imekwisha hiyo," akasema, akaongeza chakula. Anakula kama aliyetoka jela.

Jumatatu, 23 Machi

Ripoti imesainiwa: sehemu kumi na tano. Mkuu anastaafu mwezi ujao. Amenibakiza ofisini, akapiga kiti chake kofi la begani, akasema, "Hiki kinakufahamu." Nimerudi mezani nikijifanya sikusikia vizuri. Nilisikia vizuri sana. Miaka ishirini na miwili nimekuwa nikisimama.

Ijumaa, 27 Machi

Nianze na sinki.

Sinki letu liliziba tangu juzi. Asubuhi amekuja fundi bomba, kaingia chini, kafungua bomba lililopinda, na kikamwagika kitu kizito cheusi kwenye ndoo yake. Akachota kiganja kizima, akatuonyesha.

"Jamani, humu mnapika matairi?"

Wote tulicheka. Mimi nilicheka kwa sauti kubwa kuliko wote. Kisha nikatazama kile kiganja, nikatazama kijiko changu kilichokuwa kando ya sinki, nikaacha kucheka. Wiki tatu nimekuwa nikikisuuza pale kila nikimaliza kuengua.

Povu la simenti ya kawaida ni hewa tu. Ukiliengua hakuna kinachoharibika, unapata mchemraba mzuri. Lakini mpira ni mwepesi, hata ukilowekwa namna gani, na mimi nilikuwa nauacha uji utulie. Chembe zilikuwa zinapanda juu. Nililiona povu jeusi, nikadhani ni uchafu wa matairi, nikaliondoa. Kadiri binti alivyozidisha mpira ndivyo nilivyozidi kuengua, nikijisifu kwa usafi.

Kwa hiyo nguvu tuliyoisoma ni ya simenti yangu iliyoenguliwa mpira. Kule kupinda tulikokuona ni kwa simenti ya Mvunjaji yenye mpira wote. Tumepima vitu viwili tukavipa jina moja. Hii itakayopakiwa kwenye malori, hakuna mtu duniani aliyepima nguvu yake. Ikiwa dhaifu, watakaporudisha presha kisimani itaachia, na anayesimama karibu kuliko wote ni mtu wa pampu.

Fundi akauliza, "Mama, nizimwage wapi hizi?"

Nikasema, "Nje. Mbali."

Hilo ndilo nililosema.

Jumamosi, 28 Machi

Mvua. Malori hayajaondoka. Sikusema.

Jumapili, 29 Machi

Mvua. Sikusema. Nimeomba iendelee kunyesha. Mtu mzima, na akili zangu, nimesimama dirishani namwomba Mungu tope.

Jumatatu, 30 Machi

Manyunyu. Nilijiambia nitasema saa nne. Saa nne binti kaniletea chai bila kuombwa, akasema ameshamweleza mama yake habari zangu, kwamba amepata mwalimu. Saa nane Mkuu akaniuliza kama funguo za ofisi nitazipenda kwenye mnyororo au kwenye kamba.

Sikusema. Nimeandika "sikusema" mara tatu sasa, na kila mara linakuwa jepesi zaidi kuandika. Hilo ndilo linalonitisha.

Jumanne, 31 Machi

Jua.

Limetoka mapema, jeupe, halina hata haya. Nilipofika uani madereva walikuwa wanawasha malori kuyapasha moto, na mdogo wangu yuko juu ya tela anafunga turubai, akanipungia kwa ule mkono wake. Nikapita moja kwa moja. Binti alikuwa anachekecha mpira.

"Nimeengua mpira," nikasema.

Hakuelewa. Nikachukua kikombe, nikakoroga uji wenye sehemu kumi na tano, nikauacha utulie vilevile ninavyouacha, nikapaka kalibu mafuta vilevile ninavyopaka. Kisha nikaengua. Nikakisuuza kijiko ndani ya glasi yake, nikampa. Chembe nyeusi zilifunika uso wote wa maji.

Alikaa chini. Nilingojea kelele, na Mungu ananijua nilizitaka.

"Lini umejua, mama?"

"Ijumaa."

Akaigeuza ile glasi mkononi. "Namba zilikuwa nzuri mno. Niliona. Nilitaka sana ziwe za kweli, mama, nikaacha kuuliza. Nilitaka kukuomba tena unionyeshe unavyomimina, nikakuogopa."

"Ulishaomba siku ya kwanza. Mimi ndiye niliyekufukuza."

"Ningerudi. Mtu mmoja kukasirika si sababu ya kutorudi." Akainuka, akajifuta macho kwa mgongo wa mkono. "Twende tukasimamishe malori."

Ofisini kwa Mkuu akaanza, "Mzee, tumekosea kwenye upimaji." Nikamkata. Nikasema hatukukosea, kijiko ni kimoja na mwenye kijiko ni mimi. Na siku nne nilijua. Mkuu alivua miwani akaiweka juu ya ripoti. Hakufoka. Alipiga simu uani, akasema, "Zimeni," kisha akaniambia naweza kwenda. Hakuniita kwa jina langu la utani.

Ijumaa, 3 Aprili

Tangu Jumanne mimi namimina, binti yuko kushoto, Mvunjaji kulia, wote wananitazama mikono. Sijawahi kujiona bibi harusi kiasi hiki tangu nilipokuwa bibi harusi. Hakuna kutulia, hakuna kuengua. Michemraba imetoka na vipele kama ndui.

Sehemu kumi na tano za kweli zimevunjwa leo. Tisa na nusu.

Kisima kinataka kumi na nne. Mvunjaji alisoma mara mbili, akaandika, akaenda kusimama mlangoni. Mdogo wangu angesimama juu ya tisa na nusu.

Jumamosi, 4 Aprili

Mkurugenzi wa kampuni kapiga simu mara tano akiulizia malori. Jua, bila shaka.

Jumatatu, 6 Aprili

Sehemu kumi: kumi na mbili na robo. Sehemu tano: kumi na saba, lakini vijiti vinakatika karibu kama vya simenti tupu. Binti hajala. Nimemlazimisha ndizi.

Nilipokuwa nimekaa naye nikamwambia jambo ambalo mtu asiyeengua asingelijua. Chembe zilizokuwa zinajaa kijikoni ni zile kubwa. Zile ndogo kabisa kijiko kilikuwa hakizipati, zilibaki chini.

Akaacha kutafuna. "Zote kubwa?"

"Nimezisuuza wiki tatu, mwanangu. Nazijua kama mchele wa nyumbani."

Tumeshinda mchana mzima tukichekecha kwa chekecheke la matundu madogo kuliko yote, tukaloweka kwenye soda zile chembe zilizopita. Kesho tutasuuza na kukausha.

Alhamisi, 9 Aprili

Sehemu kumi, chembe ndogo tupu.

Mvunjaji aliweka mchemraba, akasogea nyuma kama desturi, maana simenti huruka vipande. Mshale ukapanda. Kumi. Kumi na mbili. Binti akanishika kiwiko, kucha zikaniingia. Kumi na tatu na nusu, mshale ukasita, nikaona mbele yangu miaka yote ishirini na miwili. Kisha ukapanda tena, kumi na nne, kumi na tano, kumi na tano na nusu.

Tukangojea kishindo. Hakikuja. Mchemraba ulitanuka ubavuni, ukafanya nyufa nyembamba, ukabaki pale pale mzima, kama mzee aliyeambiwa ahame. Mvunjaji akaugusa kwa kidole. "Umekufa huu, au umekaa tu?" Sote tulikuwa tunalia na kucheka kwa wakati mmoja. Akavunja mwingine, na wa tatu. Hakuna uliopungua kumi na tano. Vijiti vyake vya mchanganyiko huo huo, kutoka kikombe kile kile, vimepinda.

Ijumaa, 10 Aprili

Kiti kapewa Mvunjaji. Alikuja mezani kwangu amekunja kofia mikononi. "Dada, mimi sikukiomba."

"Najua. Kaa upesi kabla hawajabadili mawazo."

Nimempa mkono. Nimempa na vikombe viwili vya chai. Kisha nimeingia chooni, nimefungua bomba lipige kelele, nimelia. Niliutaka ukuu ule. Sitaandika kwamba sikuutaka.

Jumapili, 12 Aprili

Mdogo wangu kaja kula. Uani wanajua kuna kosa lilitokea, hawajui zaidi. Ningeweza kuliacha hivyo. Binti na Mvunjaji wasingesema, na Mkuu anaondoka.

Nikamwambia yote, kijiko, sinki, kiganja cha fundi. Alicheka sana kwenye fundi. Kisha nikamwambia za Ijumaa mpaka Jumatatu.

"Ulijua siku nne?"

"Siku nne."

"Na sisi tuko uani tunangoja kupakia?"

"Nilikuwa naomba mvua isiishe."

Akaweka kijiko chini. Akaukunjua mkono wa kulia wa shati lake, polepole, mpaka kifundoni, akafunga kifungo. Kulikuwa na joto. "Mvua, dada," akasema. Hakugombana. Alikunywa maji, akaaga watoto wa jirani mlangoni, akaenda. Chakula chake kimebaki nusu, jambo ambalo sijaliona tangu azaliwe. Sikumfuata.

Jumanne, 14 Aprili

Malori yameondoka alfajiri. Binti kaenda nayo. Mimi nimefuta meza mara tatu.

Saa saba na dakika kumi simu imelia. Nyuma ya sauti ya mdogo wangu kulikuwa na upepo na injini.

"Dada."

"Naam."

"Mhandisi yuko hapa. Karatasi ninayo, kila mtu ametia saini." Akasogea mbali na injini. "Nakuuliza wewe. Hii iliyomo kwenye tela ndiyo?"

Mvunjaji alikuwa ameinua kichwa ofisini kwake. Nilimgeuzia mgongo.

"Ndiyo. Nimeimimina mwenyewe, sikuondoa kitu. Imevunjwa mara tatu mbele ya macho yangu. Ingekuwa na shaka hata punje ningekwambia sasa hivi."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi, mdogo wangu. Si kesho."

Nilimsikia akivuta pumzi.

"Haya. Usikate."

Sikukata. Nilimsikia anawafokea wenzake wasogee, akaita jina la mtu wa valvu, kisha pampu ikashika na kuanza kunguruma, na mimi nikabaki nimesimama katikati ya maabara, simu sikioni, nimeishika kwa mikono miwili.